Tiketi za Alhambra zimekwisha: twende Granada au tusiende?

"Mimi na shoga yangu tangu skuli, sote watu wa Unguja, tumepanga kukutana Granada, Hispania, wikendi ya pili ya mwezi wa Mei. Zimebaki wiki tisa. Mimi nasoma Ujerumani na nina kibali cha ukaazi, yeye anafanya kazi Uingereza. Tutafika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili jioni. Hoteli tumeshalipa. Jana nikaingia kwenye tovuti ya Alhambra, nikakuta Jumamosi na Jumapili tiketi zimekwisha zote. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anauza mbili zake, anasema jina haliangaliwi. Ninunue? Na tusipoingia, kuna maana gani ya kwenda? Mwenzangu alitamani sana kuswali mle ndani, kwani si msikiti ule? Wengine wanatuambia tuzungukie na Córdoba na Sevilla kwa kuwa tumeshafika."

Dada yangu, mambo uliyouliza nitayajibu yote, ila kuna moja hukulitaja, nami naanza nalo kwa sababu linaweza kuizuia safari kabla hamjaufikiria mlango wa Alhambra, ule mji wa kale wa masultani wa Kiislamu. Ni visa ya mwenzako.

Kama ameshachukua uraia na anasafiria pasipoti ya Uingereza, ruka aya hii na inayofuata. Kama bado ana pasipoti ya Tanzania, kibali chake cha Uingereza hakimfikishi Hispania hata kwa usiku mmoja. Uingereza haimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na haikuwamo hata zama ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Hali yako wewe ni nyingine: kibali cha ukaazi cha Ujerumani, maadamu hakijaisha muda, kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Beba pasipoti pamoja na kadi, maana kadi peke yake haitoshi. Watu wengi huchanganya hali hizi mbili kwa kuwa wote "wako Ulaya", na anayegundua tofauti mwishoni ni yule aliyesimama kaunta ya ndege na mkoba wake.

Mwenzako aombe visa ya Schengen, na aiombe kwa Wahispania kwa kuwa kwao ndiko anakokwenda. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisiwasilishwe zikiwa zimebaki pungufu ya siku 15. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kulivuta hadi siku 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Atahitaji bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000, uthibitisho wa hoteli, taarifa za benki, ushahidi wa ukaazi wake Uingereza, na pasipoti itakayobaki hai angalau miezi mitatu baada ya kutoka Schengen, tena isiwe imetolewa zaidi ya miaka kumi nyuma. Kinachokula muda zaidi ni kupata miadi ya kupeleka makaratasi. Wiki tisa zinatosha, ila hazina ziada. Tiketi ya ndege isiyorudishiwa fedha asiikate bado. Na hapa msitegemee ushauri wa mtandaoni, wangu ukiwemo, kama ana jambo lolote lisilo la kawaida: aliwahi kunyimwa visa, kibali chake kiko kwenye maombi mapya, au jina kwenye pasipoti halilingani na la benki. Aende kwenye kituo cha visa au ubalozi mdogo wa Hispania aulize uso kwa uso. Nawe, ikiwa kadi yako inaisha karibu na Mei, fika ofisi ya wageni ya mji wako mapema.

Sasa tiketi. Hizo za WhatsApp usinunue.

Tiketi ya Alhambra hutolewa kwa mtu. Unapoinunua unaandika jina na namba ya pasipoti ya kila anayeingia, na siku yenyewe wafanyakazi wana haki ya kukuomba hati mlangoni. Huyo anayesema jina haliangaliwi huenda alipita siku fulani bila kuulizwa, sikatai. Lakini mkiulizwa ninyi, mtabaki nje na hakuna wa kumdai. Kuna hatari nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo: tiketi ni alama inayosomwa na mashine, na picha ya alama moja inaweza kuuzwa kwa watu kumi. Anayefika kwanza anaingia. Tisa waliobaki wanaambiwa imeshatumika. Kama umeshamtumia fedha, piga simu benki leo, usingoje mpaka uone kama itafanya kazi.

Watu hulalamika kwamba masharti haya ni ukiritimba tu. Mimi nayaunga mkono, na nitakueleza sababu. Majumba mnayotaka kuyaona, ambayo kwenye tovuti yameandikwa Palacios Nazaríes, yalijengwa zaidi katika karne ya 14 na masultani wa ukoo wa Banu Nasr, hasa Yusuf wa Kwanza na mwanawe Muhammad wa Tano. Yale marembo ya ukutani yanayofanana na lesi wengi hudhani ni mawe yaliyochongwa. Mengi yake ni jasi, kitu laini, iliyochorwa na kupakwa rangi, na dari ni za mbao zilizounganishwa vipande kwa vipande. Jasi hainyeshewi, haiguswi, haipendi unyevu. Na umati wa watu ni unyevu unaotembea, mikono inayopapasa, mikoba inayokwaruza nguzo. Isitoshe, vyumba vile vilikusudiwa sultani, jamaa zake na wageni wachache. Ndiyo maana watu huingizwa kwa mafungu, kila nusu saa fungu lake, na idadi ya siku nzima ina kikomo. Sehemu nyingine za Alhambra mnaweza kuzitembelea kwa nafasi siku hiyo hiyo, lakini kwenye majumba mnaingia katika nusu saa iliyoandikwa kwenye tiketi tu. Mkishaingia hakuna anayewafukuza. Mkichelewa, basi tena. Na kutoka lango la tiketi hadi majumba ni mwendo wa kama robo saa, jambo ambalo limewaliza wengi.

Kwa hiyo "zimekwisha" uliyoiona ina maana kwamba tiketi za jumla za mchana, zinazouzwa moja moja kwenye tovuti rasmi, zimekwisha kwa saa uliyoingia. Tiketi zinazorudishwa huonekana tena, kwa hiyo fungua tovuti asubuhi na usiku kwa wiki hizi zote. Mkiipata, nunueni mbili kwa pamoja ili mwe katika nusu saa moja, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti mtakazosafiri nazo. Tazama pia tiketi iitwayo Dobla de Oro, inayounganisha Alhambra na majengo kadhaa ya zama za Kiislamu mjini, na kadi ya watalii ya mji, Granada Card. Hizi zina mgao wao. Makampuni ya waongozaji wenye leseni nayo yana mgao. Bei yao ni zaidi ya mara mbili ya tiketi ya kawaida, ambayo huwa kama euro 20 hivi, lakini mnapata na mtu wa kuwaeleza. Kama ni fedha mnayo, hiyo ndiyo njia ya uhakika kuliko zote.

Ningekuwa mimi, kwanza ningejaribu ziara ya usiku. Mwezi wa Mei majumba hufunguliwa usiku Jumanne hadi Jumamosi, kuanzia saa nne, na tiketi zake huuzwa mbali na za mchana. Huoni bustani wala ngome, na rangi nyingi hupotea. Lakini watu ni wachache, na taa zinazomulika kutoka chini huyatoa maandishi ya ukutani kuliko jua la mchana. Ikishindikana hiyo, kuna tiketi ya bustani, ngome ya Alcazaba na Generalife, iliyo rahisi kupatikana. Sitakudanganya: bila majumba umeikosa roho ya Alhambra. Ila Generalife, mapumziko ya masultani kando ya mji wao, ina jambo lake, nalo ni maji. Walichimba mfereji kuyachukua kutoka mto Darro, kilomita kama sita juu, wakayaleta kwa mteremko mdogo mpaka juu ya kilima. Chemchemi zote mnazopiga picha zinaanzia kwenye hesabu ile.

Kuhusu kuswali. Hapana, Alhambra si msikiti, wala haikuwa. Ulikuwa mji wa kifalme wenye ukuta wake, makazi ya askari, mafundi, mabafu, na ndani yake msikiti mmoja mkubwa na vyumba vidogo vya kuswalia. Msikiti ule ulibomolewa, na mahali pake mwishoni mwa karne ya 16 likaanza kujengwa kanisa la Santa María de la Alhambra. Mihirabu midogo imebaki, mmoja karibu na ukumbi wa Mexuar, lakini leo ni sehemu za makumbusho na hairuhusiwi kuswali humo. Mwambie mwenzako asijaribu kwa kificho. Ataharibiwa ziara nzima kwa rakaa ambazo angeziswali kwa utulivu ng'ambo ya bonde, kwa sababu Granada ina msikiti wake. Uko juu ya kilima cha Albaicín, jirani na uwanja wa San Nicolás, ulifunguliwa mwaka 2003 baada ya zaidi ya karne tano bila msikiti mpya kujengwa katika mji huo, na bustani yake inaitazama Alhambra uso kwa uso. Mjue tu kwamba saa ya Hispania imelitangulia jua sana. Mwezi wa Mei adhuhuri huingia kama saa nane na dakika kumi mchana, magharibi baada ya saa tatu usiku, na isha inakaribia saa tano. Mkipanga siku kwa mazoea ya Unguja mtajikuta mmeichanganya.

Nalo hilo la "Waislamu walifukuzwa 1492", ambalo nalisikia kila mara, lisahihisheni kabla hamjafika. Mwaka ule, tarehe 2 Januari, sultani wa mwisho, Muhammad wa Kumi na Mbili, aliyejulikana kwa Wahispania kama Boabdil, aliukabidhi mji kwa Isabel na Fernando, malkia na mfalme wa Kikristo, kwa mkataba uliowaahidi Waislamu dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Waliofukuzwa mwaka huo kwa amri iliyosainiwa pale pale Alhambra, tarehe 31 Machi, walikuwa Wayahudi. Ahadi kwa Waislamu haikudumu hata miaka kumi: vitabu vya Kiarabu vilichomwa hadharani, na watu wakalazimishwa kubatizwa au kuhama. Wajukuu wa waliobatizwa waliasi mwaka 1568, wakashindwa, na kufukuzwa kwa jumla kulikuja baadaye kabisa, kati ya 1609 na 1614. Ukilijua hilo, mitaa ya Albaicín huisomi tena kama mabaki ya watu walioondoka kwa siku moja. Waliishi humo zaidi ya miaka sabini baada ya ufalme wao kuanguka, majina yao yakibadilishwa na nguo zao zikipigwa marufuku.

Ndiyo maana swali lako la "kuna maana gani ya kwenda" nalijibu hivi: kwa siku moja na nusu, mji wenyewe unawatosha na kubaki. Jumamosi asubuhi anzieni Carrera del Darro, barabara nyembamba inayofuata mto. Ingieni Bañuelo, bafu la karne ya 11 lenye matundu ya nyota darini. Pandeni Albaicín taratibu, kwa viatu vyenye soli ya kushika, maana vijiwe vya njia zile vimesuguliwa na miaka na huteleza hata kukiwa kukavu. Nyumba mnazoziona zimejificha nyuma ya kuta nyeupe, bustani ikiwa ndani, wenyewe huziita carmen. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa kwa nini nyumba inaupa mtaa mgongo. Adhuhuri iwakute msikitini. Alasiri teremkeni katikati ya mji muone Corral del Carbón, nyumba ya wafanyabiashara wasafiri ya karne ya 14, kisha Madrasa aliyoijenga Yusuf wa Kwanza mwaka 1349. Mkabala wake ni Capilla Real, walimozikwa Isabel na Fernando. Kumbi hizo mbili zinatazamana kwa hatua chache tu, na sijui mahali pengine panapoieleza Granada kwa ufupi hivyo.

Hata kwenye kilima cha Alhambra kuna sehemu zisizo na tiketi: Lango la Haki la mwaka 1348, bafu la msikiti uliobomolewa, na uwanja wa jumba la mfalme Carlos wa Tano, mduara ndani ya mraba, lililoanzwa 1527 na kukaa karne nyingi bila paa. Wengi wanalichukia kwa kusukumwa katikati ya majumba ya masultani. Mimi naona ni jengo zuri lililokaa mahali pabaya.

Na mkibahatika kuingia kwenye majumba, ninyi mna faida ambayo watalii wengi hawana. Aliyepita chuo cha Kurani anazitambua herufi. Ukutani, mara zisizohesabika, imeandikwa kauli ya ukoo ule: Wa la ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Kuizunguka chemchemi ya simba kumi na wawili kuna beti za Ibn Zamrak, waziri na mshairi. Tafuteni tafsiri yake kabla ya kwenda, kwa sababu beti zile zinalisifu jengo lenyewe lililozibeba. Jambo jingine la kwenu: Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji na sultani wake, alifika Granada miaka kama ishirini baadaye. Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa hakumwona, ila mama yake sultani alimpelekea msafiri dinari za dhahabu. Na katika bustani ya mji huo alikutana na kijana Ibn Juzayy, ambaye ndiye aliyekuja kuandika masimulizi yake yaliyokamilika 1355. Habari za Kilwa tunazozisoma leo zimepita mikononi mwa mtu wa Granada.

Córdoba na Sevilla acheni. Kwa basi, Sevilla ni saa tatu hivi kwenda na tatu kurudi, na Córdoba si pungufu sana. Mtazitumia saa zenu chache mkitazama mizeituni dirishani. Msikiti Mkuu wa Córdoba, ambao sasa ni kanisa kuu na nao hauruhusu swala ya Kiislamu, unastahili safari yake. Kama kwenu majumba ya Alhambra ndiyo kila kitu, na mlango wa usiku na wa makampuni umefungwa pia, basi afadhali kuiomba hoteli iwasogezee tarehe hadi Novemba, katikati ya wiki. Mtakuta nafasi na mtakuta baridi, kwani Granada iko zaidi ya mita 700 juu ya bahari na milima ya theluji iko nyuma yake.

Chakula kisiwatie hofu, ila kiulizeni. Granada bado ina desturi ya kuleta sahani ndogo ya bure kwa kila kinywaji, hata kisicho na kilevi. Agizeni soda au mosto, juisi ya zabibu isiyochacha. Tatizo ni kwamba sahani hiyo mara nyingi ina nyama ya nguruwe, na kwa Wahispania wengi jamón (paja la nguruwe lililokaushwa) kidogo juu ya supu hakuhesabiwi kuwa nyama. Kwa hiyo mkisema hamli nyama haitoshi. Semeni sin cerdo, sin jamón, yaani bila nguruwe, bila jamón, kabla hakijaletwa. Bilingani za kukaanga zenye asali ya miwa ni salama kwa kawaida, na mtaa wa Calderería Nueva una migahawa ya Wamoroko na chai ya mnanaa. Karibu na kanisa kuu mtakutana na wanawake wanaokabidhi kijitawi cha rozimari kwa tabasamu. Msikipokee. Mkikipokea mtasomewa kiganja na kudaiwa euro.

Usafiri wa Ijumaa usiku ndio unaonitia wasiwasi kidogo. Uwanja wa ndege wa Granada wenyewe una safari chache, kwa hiyo nadhani mnatua Málaga, kisha basi la saa moja na nusu au zaidi kidogo. Angalieni saa ya basi la mwisho kabla ya kukata ndege, na kama mmoja wenu anafika baada ya hapo, alale Málaga apande la alfajiri kuliko kukodi gari: katikati ya Granada kuna mitaa iliyokatazwa magari ya wageni, kamera zinapiga picha, na barua ya faini inakufuata hadi Ujerumani. Jumapili msipange ziara ya majumba baada ya saa tano asubuhi kama ndege ni ya jioni. Kwa leo, mwenzako atafute miadi ya visa, wewe fungua ukurasa wa ziara za usiku.